Vitanzi Vinavyosubiri: Historia ya Kusuka Sweta Bila Sindano ya Tatu

Kama umekulia Dar es Salaam, lazima umewahi kuvalishwa sweta kwenye joto la nyuzi 32. Usibishe. Ulipozaliwa ulivishwa sweta, kofia na soksi za kufuma, ukafunikwa khanga juu yake, jasho likakutoka, na bado wakasema mtoto asipigwe na upepo. Ulipoanza shule sweta likarudi, safari hii la bluu au la kijani. Jiji letu halina baridi, lakini masweta linayo.

Leo nataka uangalie sweta la aina moja tu: lile lenye kamba zinazopanda kifuani, zimejisokota kama kamba ya jahazi au zimepishana kama nywele zilizosukwa. Umeshayaona kwenye marundo ya mitumba Tandika, Manzese au Ilala, tena muuzaji akikupungia moja usoni na kukuambia hili la Ulaya, dada, shika uone uzito. Watu wengi hudhani kamba zile zimeshonwa juu ya sweta baadaye. Hapana. Ni uzi uleule wa sweta. Vitanzi vyake vimebadilishana nafasi, basi.

Vitabu vya ufumaji vinasema kwamba ili vitanzi vibadilishane nafasi unahitaji sindano ya tatu: fupi, yenye ncha pande zote mbili, mara nyingi na mkunjo katikati. Shangazi yangu wa Tandika amefuma masweta ya namna hiyo kwa zaidi ya miaka 30 na hajawahi kuimiliki. Na kuna siku aliambiwa mbele za watu kwamba kwa sababu hiyo hajui kufuma. Nitakusimulia siku hiyo, lakini kwanza inabidi tuelewane kuhusu kitanzi.

Uzi mmoja tu

Kiswahili kinatuchanganya kidogo hapa. Neno "kufuma" tunalitumia kwa kazi mbili zilizo tofauti kabisa. Kiwanda cha Urafiki pale Ubungo, kilichojengwa kwa msaada wa China na kuanza kazi mwaka 1968, kilikuwa kinafuma vitambaa vya khanga na vitenge. Pale nyuzi nyingi zimenyooshwa upande mmoja, na nyingine zinapita katikati yake, juu, chini, juu, chini. Fundi wa sweta naye anafuma, ila yeye ana uzi mmoja na sindano mbili. Anavuta uzi kupitia ndani ya kitanzi, anapata kitanzi kipya. Anarudia. Kitanzi cha mstari wa chini kinashikwa na kitanzi cha mstari wa juu, hivyo hivyo mpaka shingoni.

Sasa swali: kitanzi cha mstari wa mwisho kinashikwa na nani? Hakuna. Kimekaa kwenye sindano tu. Ukichomoa sindano na kuvuta uzi, mstari unafunguka, kisha wa chini yake, kisha wa chini yake tena, na sweta lote linarudi kuwa uzi. Lugha yetu inalijua jambo hili: kufunga kuna kufungua, na kufuma kuna kufumua. Nenda saluni yoyote Mwananyamala utasikia neno hilohilo likitumika kwa kichwa cha mtu: "Nakuja kesho, leo nafumua kwanza."

Shika hilo la kufumua, maana historia yote inayofuata inalizunguka.

Ilianzia barani kwetu, kwa kadiri ushahidi unavyoonyesha

Tunazoea kufikiri kwamba ufumaji wa sindano ni mambo ya bibi wa Kizungu na moto wa kuni. Lakini vipande vya zamani kabisa vya ufumaji wa aina hii vinavyojulikana vimetoka Misri: soksi za pamba, nyingine zikiwa na mapambo ya bluu na nyeupe, za kati ya karne ya 11 na ya 14. Ulaya iliupokea ufundi huu baadaye.

Kabla ya hapo Misri ilikuwa na soksi nyingine, za karne ya 3 hadi ya 5, zenye nafasi ya kutenganisha kidole gumba ili zivaliwe na kandambili. Ukiziona utasema zimefumwa vilevile, lakini zilitengenezwa kwa sindano moja yenye tundu, kama ya kushonea. Fundi alipitisha uzi wote ndani ya kila kitanzi mpaka mwisho wake. Matokeo yake kila kitanzi kilijifunga. Soksi ya namna hiyo huwezi kuifumua kwa kuvuta uzi.

Ukifikiri haraka utasema teknolojia ya zamani ilikuwa bora: haifumuki! Ni kweli ilikuwa imara. Lakini kitanzi kilichofungwa hakihami. Kiko pale kilipozaliwa. Kitanzi cha sindano mbili, kwa kuwa hakijafungwa, kinaweza kutolewa nafasi yake, kupelekwa mbele au nyuma ya mwenzake, na kufumwa hapo. Kwa hiyo jambo linaloonekana udhaifu wa sweta, kwamba linafumuka, ndilo linaloruhusu kamba kupanda kifuani mwake.

Kuvuka bila daraja

Wacha nikuonyeshe jinsi inavyofanyika. Una vitanzi vinne kwenye sindano ya kushoto. Vipe namba: 1, 2, 3, 4, cha 1 kikiwa karibu na ncha. Unataka 1 na 2 vipite mbele ya 3 na 4.

Mwenye sindano ya tatu anahamishia 1 na 2 kwenye sindano ile fupi, anaiacha ining'inie mbele ya kazi, anafuma 3 na 4, halafu anarudi kufuma 1 na 2 kutoka kwenye sindano fupi. Safi, salama, taratibu.

Asiye nayo anafanya hivi. Anaingiza sindano ya kulia kutokea nyuma, kwenye 3 na 4. Anabana mzizi wa vitanzi vyote kwa kidole gumba na cha shahada. Halafu anachomoa sindano ya kushoto kwenye vyote vinne. Hapo 3 na 4 vimeshikwa na sindano ya kulia, na 1 na 2 vimesimama mbele hewani, bila kushikwa na sindano yoyote. Ni kama sekunde mbili hivi. Anavidaka 1 na 2 kwa sindano ya kushoto, anavirudishia 3 na 4 kwenye sindano hiyohiyo, kisha anafuma vyote kwa mpangilio mpya: 3, 4, 1, 2. Akitaka kamba ielekee upande wa pili, anaingiza sindano ya kulia kutokea mbele, na vitanzi vilivyo wazi vinabaki nyuma.

Fanya hesabu ndogo. Tuseme sweta lina kamba 5 mbele na 5 nyuma, lina mistari 120, na kila kamba inapishana kila baada ya mistari 6. Hizo ni mara 20 kwa kila kamba, mara 200 kwa sweta zima. Ukiokoa sekunde 6 kila mara, umeokoa dakika 20. Si haba, lakini Shangazi atakuambia faida yenyewe siyo dakika. Faida ni kwamba hakuna kijisindano cha kudondoka chini ya kiti cha daladala kati ya Tandika na Kariakoo.

Sindano zilivyofika Temeke

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia serikali ya kikoloni ilipanga mitaa mipya ya Waafrika Dar es Salaam, Temeke na Magomeni ikiwemo. Pamoja na nyumba zikaja programu za "ustawi". Katika miaka ya 1950 kulikuwa na vilabu vya wanawake na madarasa ya kazi za mikono: kupika, kushona, kufuma. Nia yake ilikuwa kutengeneza mama wa nyumbani wa aina fulani, na vitabu vya mitindo vilikuwa vya Kiingereza, vimejaa vifupisho ambavyo hata anayejua Kiingereza anavikodolea macho.

Si wanawake wote waliovutiwa. Bibi Titi Mohamed alipoanza kuwaingiza wanawake TANU mwaka 1955, hakuwategemea wanachama wa vilabu vile. Aliwaendea kwenye vikundi vya ngoma. Hata hivyo sindano zilibaki mitaani. Uhuru ulipokuja, na UWT kuanzishwa mwaka 1962 chini ya uenyekiti wa Bibi Titi huyohuyo, kushona na kufuma viliendelea kuwa miongoni mwa kazi za vikundi vya akina mama. Shule za msingi nazo zilifundisha kazi za mikono. Aliyekosa sindano za dukani alinoa spoku za baiskeli.

Lakini mikono iliyopokea sindano zile haikuwa mitupu. Kaa kwenye kibaraza chochote cha zamani cha Temeke na uwaulize wazee. Wengi wana asili ya Rufiji, Kisarawe au Mafia, na bibi zao walisuka ukili. Ukili, kwa wewe uliyezaliwa na zulia la plastiki, ni ule mkanda mrefu unaosukwa kwa vipande vyembamba vya majani ya ukindu, kisha mikanda inaungwa na kuwa mkeka. Msukaji hana chombo cha kushikia vipande vinavyosubiri zamu yao. Vipande vinasubiri katikati ya vidole vyake. Kidole kimoja kinazuia, kingine kinapitisha, na macho yanaweza kuwa yanamtazama mgeni anayepiga hodi.

Msusi wa nywele naye yuko hivyohivyo. Mwangalie anavyosuka twende kilioni: mafungu matatu ya nywele, mikono miwili, na bado fungu la tatu halipotei.

Somo la kafa Ulaya

Tunafika kwenye miaka ya 1980. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilikuwa vimekausha hazina, fedha za kigeni hakuna, viwanda vinakwama kwa kukosa vipuri na malighafi. Kama wazazi wako walikuwa Dar wakati huo, waulize kuhusu foleni za sabuni, sukari na khanga. Mwaka 1983 ikaja kampeni dhidi ya wahujumu uchumi, Edward Sokoine akiwa Waziri Mkuu. Mwaka 1984 serikali ikalegeza kamba: mwenye fedha zake za kigeni akaruhusiwa kuagiza bidhaa bila kuulizwa sana amezipata wapi. Katika vilivyoingia kwa wingi baada ya hapo ni nguo za mitumba, ambazo watu walikuwa wakiziita "kafa Ulaya", yaani mwenyewe amekufa huko, nguo imekuja huku.

Shangazi wakati huo alikuwa msichana, anajua kufuma kawaida tu, kama alivyofundishwa shuleni. Uzi mpya ulikuwa ghali. Kwa hiyo alifanya walivyofanya wengi: alinunua sweta la mtumba lililotoboka viwiko, kwa bei ya bure, ili alifumue apate uzi. Lilikuwa sweta zito, la rangi ya maziwa, na kamba tatu kifuani.

Anasema mwanzo lilifumuka vizuri, mstari baada ya mstari, yeye anazungushia uzi kwenye chupa ya soda. Akafika mahali uzi ukaruka. Badala ya kutoka kwenye kitanzi cha jirani, ulivuka vitanzi viwili ukaanza kutoka kwenye vya mbali. Akavuta tena, ukarudi. Akaacha kuvuta, akatazama.

Hebu turudi kwenye namba zetu uone alichokiona. Mstari wa kupishana ulifumwa kwa mpangilio wa 3, 4, 1, 2. Ukiufumua, unarudi kinyume: 2, 1, halafu 4, 3. Uzi unaonyesha njia yote aliyopita fundi, kama nyayo kwenye mchanga. Kisha akaona jambo la pili: vile vitanzi vya chini, vilivyobaki wazi baada ya uzi kuondoka, havikukimbia. Vilisimama pale vimekumbatiana, vinasubiri.

"Nikalaza sweta mkekani nikaenda kuteka maji," aliniambia. "Nimerudi, vipo."

Alilirudia sehemu ile mara nyingi: anafumua, anafuma upya, anafumua. Hakuwa na kitabu wala mwalimu. Hakujua kwamba kuna sindano maalumu ya kazi ile, kwa hiyo hakuikosa.

Kwa nini havikimbii

Mimi nasoma fizikia, kwa hiyo sehemu hii ni yangu.

Nenda Feri, pale Magogoni, uangalie baharia anavyofunga mashua. Anazungusha kamba kwenye nguzo mara mbili tatu na kushika mwisho wake kwa mkono mmoja, huku mashua nzima ikivuta upande wa pili. Hana nguvu za ajabu. Msuguano kati ya kamba na nguzo unamsaidia, tena hauongezeki kwa kujumlisha bali kwa kuzidisha. Leonhard Euler, mwanahisabati wa Uswisi, alilifanyia jambo hili hesabu katika karne ya 18. Tukichukua msuguano wa wastani, ambao kwenye hesabu tunaupa namba 0.3, mzunguko mmoja unazidisha nguvu ya mkono wako karibu mara 6.6. Mizunguko miwili inazidisha karibu mara 43. Mitatu, karibu mara 286. Kwa mizunguko mitatu, mkono unaovuta kwa nguvu sawa na kilo 1 unaizuia mashua inayovuta kwa nguvu sawa na kilo 280 na ushee.

Kitanzi cha sweta ni kamba iliyozunguka nguzo, ila nguzo zenyewe ni kitanzi cha chini yake na majirani zake. Ili kitanzi kilicho wazi kichomoke, uzi wake hauna budi kuteleza kwenye kona kadhaa, na kila kona inazidisha ugumu. Kwa nguvu ndogo, kama uzito wa uzi wenyewe, kitanzi hakiendi popote. Ukitaka kitoke uvute, au ulitanue sweta kwa upana. Ndiyo maana Shangazi anabana mzizi wa vitanzi kwa vidole: anazuia sweta lisitanuke kwa zile sekunde mbili.

Aina ya uzi nayo ina neno lake. Unywele wa sufu ya kondoo una vigamba vidogo sana juu yake, vinavyonasana. Sufu inasubiri kwa uvumilivu. Akriliki, ambayo ilianza kuuzwa kama nyuzi za nguo karibu mwaka 1950 na ndiyo iliyojaa maduka ya Kariakoo leo, inatengenezwa kwa kemikali za mafuta ya petroli na haina vigamba hivyo. Inateleza zaidi, kwa hiyo bana zaidi. Sweta la kwanza la Shangazi, kwa bahati yake, lilikuwa la sufu. Angeanza na uzi wa hariri pengine angekata tamaa siku hiyohiyo.

Nilipomuuliza kama hakuogopa vitanzi kudondoka, alinitazama kama mtu aliyeulizwa kama haogopi ukuta kuanguka. "Viende wapi, mwanangu? Si vimeshikana na wenzao?"

Kusokota si kusuka

Kuna jambo jingine ambalo Kiswahili kinalijua vizuri. Kwa Kiingereza kamba zote za kwenye sweta zinapewa jina moja. Sisi tuna vitenzi viwili. Kamba ya nazi tunaisokota. Nywele tunazisuka. Tofauti yake ni ya kihisabati kabisa.

Mwaka 1925 Emil Artin, mzaliwa wa Vienna aliyekuwa akifanya kazi Hamburg, aliandika nadharia ya misuko. Alifanya jambo rahisi: alizipa namba njia za kupishana. Kamba ya kwanza ikipita juu ya ya pili, andika 1. Ikipita chini, andika −1. Ya pili juu ya ya tatu, andika 2. Chini, −2. Msuko wowote duniani sasa unaandikika kama mstari wa namba.

Jaribu. Kamba mbili zikipishana upande uleule kila mara, unaandika 1, 1, 1, 1. Huko ni kusokota. Kamba tatu, mara ya kushoto inapita juu, mara ya kulia inapita juu: 1, −2, 1, −2. Huko ni kusuka, ndiyo twende kilioni yako. Na ukifanya 1 kisha −1? Kwenye hesabu zinafutana, unarudi ulikoanza. Kwenye sweta utapata umbo kama mnyororo, lakini ukichunguza utaona kamba moja imekaa juu muda wote, hazijashikana kabisa. Shangazi huwa anaufuma mtindo huo kwenye sweta za watoto. Anauita "wa uongo".

Paulus Gerdes, mwanahisabati mzaliwa wa Uholanzi aliyehamia Msumbiji katika miaka ya 1970 na kufia mwaka 2014 akiwa raia wa kule, alitumia miaka mingi kuchunguza vikapu na misuko ya nchi hiyo. Hoja yake ilikuwa kwamba ndani ya ufundi wa mikono kuna hisabati iliyoganda: mtu wa kwanza aliyegundua umbo lile alifikiri kihisabati, hata kama waliomfuata wanarudia tu. Ningeongeza kwamba wengine hawarudii tu. Msichana aliyekaa mkekani Tandika akifumua na kufuma mstari uleule, anatafuta mpangilio uliozaa umbo lile, na mimi nikifanya hivyo na data zangu Mlimani tunaita utafiti.

Nisikutungie hadithi

Ukifika hapa unaweza kutaka niseme kwamba kamba za sweta ni urithi wa kale wa Pwani. Sisemi. Ukili ni wa kwetu tangu zamani, sweta lilikuja na meli. Tena tuna mfano mzuri wa hadithi za namna hiyo zinavyoota mizizi.

Magharibi mwa Ireland kuna visiwa vya Aran, maarufu kwa masweta yenye kamba. Watalii huambiwa kwamba kila ukoo ulikuwa na mtindo wake tangu kale, ili mvuvi akizama baharini maiti yake itambulike kwa sweta. Inasikitisha na inapendeza, lakini wanahistoria wa mavazi hawaikubali. Masweta yale, kwa sura tunayoijua, ni ya mwanzoni mwa karne ya 20, na yalifumwa kwa ajili ya kuuzwa pia. Chanzo kimojawapo cha hadithi ni tamthilia ya J. M. Synge ya mwaka 1904, ambamo dada anamtambua kaka yake aliyezama. Lakini soma vizuri: anamtambua kwa soksi, si sweta, na si kwa mtindo wa ukoo. Ni kwa sababu anakumbuka idadi ya vitanzi alivyoanza navyo, na vinne alivyovidondosha mwenyewe. Baadaye, katika miaka ya 1960, mfanyabiashara wa nyuzi Heinz Kiewe aliandika kitabu akidai mitindo hiyo ni ya kale na mitakatifu. Biashara ikanoga.

Wanawake wa Aran hawakuhitaji uzee wa kubuni ili waheshimiwe. Walikuwa maskini waliojua kazi. Wa Tandika nao vivyo hivyo.

Siku yenyewe

Miaka ya 1990 Shangazi alijiunga na kozi fupi kwenye kituo kimoja cha mafunzo. Alitaka cheti, maana kikundi chenye wanachama wenye vyeti kilikuwa rahisi kupata mkopo. Siku ya kufuma kamba, mwalimu aligawa maelekezo na kuuliza nani hana sindano ya tatu. Shangazi akanyoosha mkono, akasema yeye huwa hatumii. Akaambiwa aonyeshe. Akaonyesha. Mwalimu akalishika lile pande la kazi, akalipekua mbele na nyuma, akaliambia darasa kwamba hiyo ni njia ya mtu asiyefundishwa, na kwamba bila vifaa kamili hapewi alama.

Shangazi hakurudi kesho yake. Cheti hakupata, mkopo hakupata. Aliendelea kufuma barazani, sweta na kofia za watoto wachanga, na kwa wanaosafiri kwenda Njombe, Makete na Arusha masweta makubwa yenye kamba. Ada yangu ya kidato cha tano na cha sita ilitoka humo.

Simlaumu sana mwalimu yule. Alifundishwa hatua, naye akafundisha hatua. Na sindano ya tatu si kitu kibaya: ukiwa na uzi unaoteleza, au vitanzi vinane vinavyovuka vingine vinane, itumie, hata Shangazi kwa kazi kubwa hivyo anachomeka njiti ya kiberiti. Kosa lilikuwa kuchukulia chombo kuwa ndio ujuzi. Chombo kile kinazuia vitanzi visikimbie. Swali ambalo halikuulizwa darasani ni kama vitanzi vinakimbia kweli, na mtu pekee aliyewahi kulichunguza swali hilo alikuwa amekaa kwenye dawati la nyuma.

Siku hizi vifundo vya vidole vyake vinamuuma, anafuma kofia tu. Sweta la shule linatoka kwenye mashine na bei yake hawezi kushindana nayo. Mwezi uliopita nilimpelekea hesabu ya Euler kwenye karatasi, nikamweleza kamba na nguzo, nikamwambia kuna Mswisi aliyeandika habari za vitanzi vyake karne mbili na nusu zilizopita.

"Naye alikuwa anafuma?"

"Hapana, Shangazi."

"Sasa alijuaje?"

Sikuwa na jibu zuri. Nikamwomba anifundishe, akanipa sindano na uzi wa akriliki, ule unaoteleza. Mara tatu za kwanza vitanzi vilinitoka, kwa sababu niliogopa nikavuta. Mara ya nne nilibana, nikachomoa, nikahesabu moja, mbili, na vilikuwepo.

Jaribu na wewe. Nunua mtumba mmoja wenye kamba kifuani, wa sufu ukiupata, uliotoboka ili usikuume. Tafuta uzi wa mwisho pale shingoni, uvute polepole, na ukifika mahali uzi unaporuka, acha kuvuta na utazame.